Maji Yasiyoacha Doa

Gari la Mwanamvua lilifika Dodoma likiwa bado na karatasi ya maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha nyuma, na kwa wiki nzima mtaa wa Majengo haukuwa na habari nyingine. Hizo zilikuwa siku za ruksa. Maduka yaliyozoeleka kwa rafu tupu yalijaa vitenge, redio na sabuni za kila harufu, na mtu aliyejua kununua na kuuza hakuogopa tena kuulizwa mali ameipata wapi. Mwanamvua alijua. Alianza na maandazi pale stesheni, akaingia kwenye karanga na ulezi wa Kondoa, kisha mafuta ya alizeti, hadi akafungua duka lake. Kaka yake Abdulnasiri, aliyekuwa akiishi Dubai, alipompigia simu kumwambia kuwa magari yaliyotumika yanapatikana, hakuomba ushauri kwa mtu yeyote. Aliagiza. Lilikuwa Corolla la buluu iliyokoza, karibu na nyeusi, na leseni ya udereva alikuwa nayo mkononi kabla gari halijashushwa melini.

Kutoomba ushauri kwa mtu yeyote maana yake ni kwamba hakumwomba hata mumewe.

Mzee Mohamedi alilifungulia geti. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi reli tangu ujana wake. Watu wakisikia mtu wa reli hudhani ni dereva wa treni au fundi wa injini. Mohamedi alikuwa mtu wa maji. Enzi za injini za moshi, maji ya Dodoma yalikuwa adui mkubwa. Yana chumvi na chokaa, na yakichemka ndani ya boila huacha gamba kama lile la ndani ya birika, ila gamba la boila likinenepa linaweza kuua watu. Kwa hiyo palikuwa na matangi makubwa karibu na karakana, na palikuwa na Mohamedi, kazi yake kuyalainisha maji kabla injini haijayanywa. Zilipokuja injini za dizeli alipelekwa stoo. Upunguzaji wa wafanyakazi ulipoanza, watu wa stoo waliondoka mapema.

Tangu hapo alikuwa mtu wa nyumbani. Alirekebisha viti, alimwagilia mpapai, alikwenda msikitini na kurudi. Binti yao Yusra alikuwa ameolewa Morogoro, na nyumba mchana ilikuwa kimya. Gari lilipokuja, Mwanamvua alimkaribisha mara nyingi apande wazunguke kidogo, naye kila mara alisema magoti yake hayakunjiki vizuri kwenye gari dogo. Ukweli kila mtu aliujua. Hakutaka kupita mbele ya msikiti ameketi kushoto, mkewe kashika usukani.

Lakini alikuwa akiliosha. Hakuna aliyemtuma. Kila lilipotoka njiani lina vumbi, alitoa ndoo na matambara, akalifuta taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mgonjwa. Mwanamvua alipenda kumtazama kupitia dirisha la jikoni, ingawa hakuwahi kumwambia.

Jirani yao Kuluthumu alipomwoza bintiye, aliomba gari hilo limbebe bibi harusi. Mwanamvua alikubali kwa furaha. Asubuhi ya siku yenyewe Mohamedi alivuta mpira kutoka bombani, akaliosha gari mbele na nyuma, akaliacha uani lipigwe na jua, kisha akaenda kuoga na kuvaa kanzu.

Wanawake walipokuja na maua na utepe wa kulipambia, waliona madoa. Gari zima lilikuwa na vitone vyeupe, na pale maji yalipochuruzika milangoni palikuwa na michirizi kama ya machozi yaliyokauka. Kwenye rangi ile nyeusi-nyeusi ilionekana kama mtu kalinyunyizia unga. Shangazi mmoja wa bibi harusi, aliyekuwa ametoka Kondoa kwa ajili ya sherehe, alipitisha kidole juu ya boneti akakitazama.

"Jamani," akasema, "gari nalo huota mba?"

Uwanja mzima ukacheka. Kuluthumu alijitahidi kujizuia, akashindwa, akaficha uso kwenye mtandio. Wengine walichukua kitambaa na maji wakajaribu kufuta. Gari lilipokauka, madoa yaliongezeka.

Mwanamvua alikuwa amevaa doti mpya ya kanga, hereni za dhahabu zinaning'inia. Akamgeukia mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni na kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Baba Yusra, hata kuosha gari tu nako kumekushinda?"

Alilisema kwa sauti. Kicheko kikakatika. Wanawake wakajitia kushughulika na utepe, kila mmoja akitafuta pini ambayo haikupotea. Mohamedi alimtazama mkewe kidogo, akatazama gari, akasema, "Maua yatafunika," akaingia ndani.

Harusi ilikwenda vizuri. Bibi harusi alifika salama, pilau ililiwa, na hakuna aliyekumbuka madoa isipokuwa watu wawili.

Ukimya wa Mohamedi baada ya hapo haukuwa ule wa siku zote. Wa zamani ulikuwa wa mtu aliyetulia. Huu ulikuwa na kazi ndani yake. Alitoka asubuhi bila kuaga, akarudi na pipa kuukuu la mafuta lililokatwa juu, akalisugua siku nzima. Kesho yake alirudi na magadi kutoka sokoni. Kisha akaja na mfuko wa chokaa kutoka kwa mafundi waliokuwa wakijenga nyumba karibu na Kizota.

Mwanamvua alipoiona chokaa moyo ulimshuka. Kulikuwa na chumba cha uani walichowekea magunia, ambacho hakikupakwa chochote tangu kijengwe. Akaamini mumewe anataka kukipaka ahamie huko. Wanaume wazima wakiumizwa hufanya hivyo. Baba yake mwenyewe alifanya hivyo, akala na kulala peke yake hadi mvua zilipokuja na bati likavuja. Mara kadhaa Mwanamvua alifungua mdomo amwulize, akaogopa jibu, akauliza kama chai imekolea sukari.

"Imekolea," alijibu Mohamedi.

Alasiri moja kichwa kilimuuma dukani, akafunga mapema akarudi nyumbani. Akamkuta Mohamedi ameketi kwenye kigoda nyuma ya gari, mikono yake yote miwili ameitumbukiza kwenye beseni la maji safi. Pembeni lilisimama lile pipa, limejaa maji yenye ukungu mweupe. Kwenye mlango wa nyuma wa gari palikuwa na eneo la ukubwa wa sahani lililopoteza mng'ao, limefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Toa mikono niione."

Hakuitoa. Mwanamvua akachuchumaa, akaitoa mwenyewe. Viganja vilikuwa vyekundu, ngozi kati ya vidole imechanika, na kwenye vifundo palikuwa na vidonda vidogo vinavyotoa majimaji.

"Umefanya nini, Baba Yusra?"

"Nilikuwa nalainisha maji." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa gari. "Nimezidisha. Yamekuwa makali, yameila mikono na yameila rangi ya gari lako. Nitatafuta fundi alipake pale."

Mwanamvua hakutazama gari. Aliingia ndani akatoka na mafuta ya nazi na kitambaa laini, akaketi chini kwenye saruji, akaanza kuipaka ile mikono kidole kimoja kimoja. Haikuwa kazi ya haraka. Kuku walizunguka, mtu alipita barabarani na mkokoteni, na kichwa cha Mwanamvua bado kilikuwa kikimgonga.

"Nilidhani chokaa ni ya chumba cha uani," alisema mwishowe.

"Cha uani? Kwa nini?"

"Nilidhani unahama."

Mohamedi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nihamie kwenye magunia ya ulezi? Na panya wote wale?"

Alicheka, Mwanamvua naye akacheka, lakini kicheko cha Mwanamvua kiligeuka kilio, ikabidi ajifute macho kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Neno lile nililosema siku ya harusi," akasema, "sikupaswa kulisema. Wala pale, wala mahali popote."

"Lilikuwa kweli. Nililiosha gari kwa maji ya bomba nikaliacha juani. Mimi! Hata kama hakuna mwingine Dodoma nzima anayejua maji haya yanafanya nini yakikauka, mimi najua." Akageuza kiganja apakwe upande wa pili. "Lakini liliniuma. Si kwa sababu ya gari. Siku niliyoondoka kazini nilikabidhi funguo za stoo, nikakabidhi koti na viatu, wakanipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza habari za maji. Nikakaa humu ndani nikaanza kuamini kwamba hata sikuwahi kuwa na kazi. Wewe unatoka asubuhi unarudi jioni na mambo, umeongea na watu wa Mwanza na wa Dubai. Mimi nina mpapai."

"Mpapai ni mzuri," Mwanamvua alisema.

"Mzuri, ndiyo."

Wakakaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia.

Mikono ilipoanza kupona, Mwanamvua mwenyewe ndiye aliyeuliza pipa litatumikaje. Mohamedi alimweleza. Kule karakana dawa zilikuja kwenye magunia yaliyoandikwa, nguvu yake inajulikana, unapima unatia. Hapa magadi ya sokoni mengine ni makali, mengine ni udongo mtupu, na chokaa ya mafundi ndiyo kabisa, hujui imekaa nje siku ngapi. Alitia kwa mazoea ya zamani, yakamgeuka.

Mwanamvua akalichukua bonge la magadi, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Haya ya kwa yule Mgogo wa pembeni ya soko la kuku. Haya ni makali. Nikipikia makande natia punje tu, la sivyo sufuria nzima inakuwa chungu. Wewe ulitia kiasi gani?"

Mohamedi akaonyesha kwa mikono.

"Eh! Ulikuwa unalisha ng'ombe?"

Safari hii walitia pamoja, yeye akiyaponda magadi kwenye kinu kidogo na kuyapitisha kwenye chujio la tui, Mohamedi akikoroga kwa mti mrefu. Chokaa ilitiwa kidogo, kijiko baada ya kijiko. Maji yakawa meupe kama maji ya mchele, kisha yakaanza kutoa vipande vidogo vyeupe vilivyokwenda chini polepole. Mwanamvua alitaka kuendelea kukoroga.

"Yaache," Mohamedi alisema. "Sasa ni kazi yao. Ukiyachokoza hayashuki."

Wakafunika pipa kwa mkeka. Asubuhi yake maji ya juu yalikuwa maangavu, ya kuona hadi chini, na chini kabisa limelala tope laini kama uji uliopoa. Mohamedi aliyavuta kwa mpira bila kutikisa pipa, akayajaza kwenye ndoo. Akachukua chupa mbili tupu za soda, moja akatia maji ya bomba, ya pili akatia yale ya pipa, akakwangua kipande cha sabuni ndani ya kila moja. Akampa mkewe moja, wakatikisa.

Ya bomba haikufanya kitu ila kutoa mabaki yanayoelea kama maziwa yaliyokatika. Ile nyingine ilijaa povu hadi shingoni, na povu likakaa.

"Tazama hilo," alisema Mohamedi, kwa sauti ambayo Mwanamvua hakuisikia miaka mingi. Akamimina tone kwenye kiganja, akasugua, akasubiri. Mkono haukuwasha. "Haya sasa ni maji."

Yalibaki madoa ya zamani, yaliyoshika rangi kama gamba. Hayo Mwanamvua aliyatolea jibu bila kuulizwa. Birika lake hulitoa gamba kwa ukwaju, akasema, na kama ukwaju unaweza birika utaweza mlango wa gari. Aliloweka ukwaju, akauchuja, akaupunguza ukali kwa maji ya pipa. Walilisogeza gari kwenye kivuli cha nyumba, wakaanzia juu. Yeye alipaka ukwaju kwa kitambaa, sehemu ndogo ndogo, na Mohamedi akamfuata nyuma haraka akisuuza kabla haujakaa sana. Kisha wakatia sabuni. Povu lilisimama juu ya boneti kama pamba. Mwanamvua alichota kwa kidole akalipuliza, likaruka likatua kwenye kofia ya mumewe, naye hakulifuta.

Walisuuza kwa maji yale yale, wakafuta kwa shuka kuukuu. Wakasimama kusubiri. Upepo wa Dodoma haukawii kukausha kitu. Kulikuwa na utando mwepesi sana hapa na pale, wa kupangusa mara moja ukatoka. Madoa hayakuwepo. Pale palipofifia palibaki vilevile, lakini kwingine kote uliweza kuona paa la nyumba na mawingu, na ndani yake wazee wawili wamelowa magoti.

Kuluthumu alisikia habari kabla ya mchana akaja na ndoo mbili. Alisimama kwenye geti kwanza, hakuingia moja kwa moja kama ilivyo kawaida yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, siku ile nilicheka, na gari mmenipa bure. Unisamehe."

"Hata mimi ningecheka," alisema Mohamedi. "La pili?"

"La pili nina shuka nyeupe za bi harusi. Kila nikifua zinarudi za kijivu."

Mohamedi akainuka akamjazia ndoo zote mbili, akambebea moja hadi mlangoni kwake, huku akimweleza njia nzima kwamba asichanganye na ya bomba hata kidogo.

Wiki ile ile Mwanamvua alikuwa na safari ya Busi, upande wa Kondoa, kwa mama mmoja mkulima aitwaye Anyesi, aliyekuwa akimwekea karanga. Asubuhi alipokuwa akitia maji kwenye rejeta alimwona Mohamedi amesimama upande wa kushoto wa gari, kofia kichwani, chupa ya chai kwapani. Mwanamvua akamfungulia mlango. Magoti yalikunjika.

Barabara ilipita mbele ya msikiti. Wazee watatu walikuwa barazani. Mwanamvua alitaka kuongeza mwendo ampitishe haraka.

"Punguza," Mohamedi alisema. "Tuwasalimie."

Akateremsha kioo. Salamu zikaenda na kurudi, na mmoja wao akasema kwa utani, "Mzee Mohamedi, siku hizi una dereva!"

"Mzuri kuliko wote niliopata kuwaona," akajibu. "Assalamu alaikum."

Kabla hawajafika mbali kwenye barabara ya Kondoa, vumbi jekundu lilikuwa limeshalivaa gari zima. Mwanamvua alilitazama kwenye kioo cha pembeni akasikitika. Kazi yote ile! Mohamedi alikuwa akitazama nje, makorongo na vichaka, ng'ombe na vijana wao, akiuliza jina la kila kijiji kama mgeni. Alikuwa amepita upande huu mara moja tu maishani, kwenye lori, usiku.

Anyesi aliwapokea kwa heshima, akawapa viti chini ya ukingo wa paa, akamwamkia Mohamedi. Mtoto wa kiume wa Anyesi alisimama mlangoni akilishangaa gari, mama yake akamwambia jambo kwa lugha yao, kijana akaenda kuleta karanga. Kisha Anyesi akamgeukia Mohamedi kwa Kiswahili cha polepole.

"Baba, gari zuri. Ni lako?"

"La mama huyu," alisema Mohamedi. "Mimi ninaliosha."

Alilisema kama mtu anayetaja kazi yake, na Anyesi akaitikia kwa kichwa akaanza kupepeta karanga. Mwanamvua aliinama kwenye gunia, akachagua karanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walirudi alasiri, magunia nyuma, jua likiwa upande wao. Mohamedi alizungumza kwa muda, habari za karakana, za mkuu wake wa kwanza aliyekuwa akiyaonja maji kama chai, za tangi lililopasuka wakavua samaki ambao hakuna aliyejua waliingiaje. Mwanamvua hakuwahi kusikia hata moja. Aliuliza maswali, akacheka. Baadaye hakupata jibu, akageuka, akamwona amelala, mdomo wazi kidogo, mikono yenye makovu mapya imetulia magotini. Mbele barabara ilikuwa imeharibika. Akapunguza mwendo, akaanza kuyakwepa mashimo moja baada ya jingine, taratibu, asimwamshe.